Programu ya kulinganisha otomata: ina mbio, ila majibu yake mh!

Wakuu nimekaa na hii programu wiki mbili, kazi yake ni moja tu, unaichorea otomata mbili (otomata ni mashine ya kuchora, ina vituo vinavyoitwa hali, inasoma neno herufi kwa herufi ikifuata mishale, na ikiishia kwenye hali inayokubali basi neno limekubaliwa) za deteministiki (zile ambazo kila hali, kwa kila herufi, ina mshale mmoja tu unaotoka) halafu inakwambia kama zinakubali maneno yaleyale au la. Jina naliacha, bado iko kwenye majaribio.

Kwa kasi sina neno. Inatumia mbinu ya wanasayansi wa kompyuta Hopcroft na Karp ya 1971, yaani haihangaiki kuzipunguza hali zibaki chache iwezekanavyo kwanza ndo izifananishe, inachukua hali mbili za kuanzia inazitia kapu moja, inafuata mishale inazidi kuunganisha makapu, sasa ikikuta kapu lina hali inayokubali na isiyokubali humohumo, basi, si sawa. Nilichora moja ya hali 2 inayokubali idadi ya a ikiwa shufwa, na nyingine ya hali 4 inayohesabu a kwa mzunguko (0, 1, 2, 3, kisha 0 tena) na kukubali kwenye 0 na 2. Kwa macho unaapa hazina undugu. Imeunganisha mara 4 ikasema sawa, na hata zingekuwa kubwa vipi, kuunganisha hakuzidi jumla ya hali zote toa moja.

Balaa ni zikiwa haziko sawa. Niliweka ya hali 6 na ya hali 5, ikanitolea ushahidi, yaani neno ambalo moja inalikubali na nyingine inalikataa, abbabab, herufi saba!, mimi kwa kalamu nikapata ba. Sio uongo, neno lake linazitofautisha kweli, ila inaonekana jozi za hali zinazosubiri kukaguliwa imezipanga kama rundo, ya mwisho kuingia ndo ya kwanza kutoka, kwa hiyo inazama njia moja mpaka mwisho. Wangeweka foleni tu tungepata neno fupi.

Kilichoniudhi zaidi, ukisahau mshale haikuonyi, inajifanya hiyo hali inajirudia yenyewe badala ya kuupeleka kwenye mtego, yaani hali isiyokubali ambayo ukiingia hutoki. Nilipoteza jioni nzima naamini otomata zangu ziko sawa kumbe wapi.

Nyota 3 kati ya 5. Bado naitumia, ila kabla sijabonyeza nahesabu mishale kwanza, hali 6 kwa herufi 2 lazima iwe 12.