Ansible na kuongeza mistari kwenye mafaili: vile mi nimeiona hapa Bukavu

Mi natunza masini 14 za Linux hapa Bukavu, zingine ziko Ibanda zingine Kadutu, na kwa muda mrefu kuongeza mstari kwenye faili nilikuwa nafanya na skripti ya kienyeji, ile ya echo na mishale miwili >>, naizungusha kwa ssh (njia ya kuingia masini ya mbali) masini moja moja. Inaenda vizuri mpaka siku umeme unakatika katikati. Hapo hujui masini gani imeshapata mstari na gani bado, unaanzisha tena yote, na zile zilizopata zinapata mara ya pili. Siku moja nilifungua /etc/hosts ya masini fulani nikakuta mstari uleule mara 6, nikacheka peke yangu.

Njo nikahamia Ansible, programu ya kusimamia masini nyingi kutoka masini moja, hasa moduli yake ya lineinfile. Yenyewe inaangalia kwanza: mstari uko? Inasema ok inapita. Hauko? Inaongeza, inasema changed. Umeme ukatike mara ngapi, unaanzisha tena bila hofu. Tena kwenye zile masini haitaki programu yake ya pekee, ssh na Python tu, kwa hiyo ndani ya netiweki yenu haili mega, na mega mnajua vile zinauma.

Lakini ilinipiga. Kuko seva moja nilitaka kufunga kuingia kwa pasiwadi, nikaweka regexp (alama ya kutafuta mstari) ya PasswordAuthentication na line (mstari wa kuweka) ya no, ikasema changed, nikaenda kulala. Kesho yake najaribu, pasiwadi bado inaingia! Nikaanzisha upya sshd, ile programu inapokea ssh kwenye seva, mara tatu, wapi. Kumbe kwenye sshd_config, faili la mipangilio yake, mstari ule ulikuwa mara mbili (matunda ya skripti yangu ileile), lineinfile inabadilisha wa mwisho tu, na sshd inashika wa kwanza inaoukuta. Dawa ni moduli ya replace, hiyo inabadilisha yote inayofanana. Tangu siku ile naanza na --check --diff nione nini itabadilika kabla sijagusa kitu.

Ukiwa na mistari mingi tumia moduli ya blockinfile, inaweka bloku nzima, ila bloku mbili kwenye faili moja zipe marker (alama za mwanzo na mwisho wa bloku) tofauti juu ya pili inakula ya kwanza. Na sudoers, faili la kusema nani anaweza kutumia sudo (amri ya kupata nguvu za msimamizi), usiiguse bila validate ya visudo -cf %s, yani faili jipya linapimwa kwanza, likiwa na kosa lile la zamani linabaki mahali pake. Bila hiyo unaweza kujifungia sudo wewe mwenyewe, na masini iko Kadutu na mvua inanyesha.

Nyota 4. Moja naitoa juu ni nzito, ukiiacha vile inakuja inaenda masini tano tano. Nimepandisha forks, yani hesabu ya masini inazoshika pamoja, mpaka 14, sasa mara nyingi inamaliza mbele umeme uende.