Godoro la hewa kwa mzee asiyeweza kujigeuza: tathmini kutoka Dodoma

Godoro la hewa linalouzwa katika maduka ya vifaa tiba hapa mjini ni tandiko la plastiki nene lenye vifuko vingi vilivyopangwa safu kwa safu, ambalo hutandikwa juu ya godoro la kawaida la sponji na kuunganishwa kwa mirija miwili na pampu ndogo ya umeme inayoning'inizwa miguuni mwa kitanda. Sisi tumelitumia nyumbani kwetu Nkuhungu tangu baridi ya mwezi wa saba hadi mvua zilipokwisha, kwa ajili ya baba mkwe wangu ambaye kiharusi kilimpooza upande mmoja. Ninalitathmini kwa kumwangalia yeye na pia wifi yangu, ambaye ndiye anayemuuguza usiku na mchana, kwa sababu heshima ya ukwe hainiruhusu mimi kumwosha wala kumgeuza, na mume wangu hushinda kazini.

Kidonda cha kulalia huanza pale ambapo uzito wa mwili unaigandamiza ngozi kati ya mfupa na kitanda kwa muda mrefu hata damu ikashindwa kupita, na ndiyo maana hutokea zaidi chini ya kiuno, kwenye nyonga na kwenye visigino. Pampu hujaza hewa safu moja ya vifuko huku ikipunguza hewa katika safu inayofuata, kisha baada ya dakika kadhaa hubadilishana, ili pasiwe na sehemu ya mwili inayobeba uzito muda wote. Jambo hilo godoro letu limelifanya vizuri. Baba aliletwa nyumbani ngozi ya kiunoni ikiwa imeshaanza kubadilika, na hadi leo haijachubuka. Siwezi kulipa godoro sifa zote, kwani mikono ya wifi ilifanya kazi kubwa kuliko pampu.

Hapo ndipo ninapotaka mnunuzi awe makini. Muuzaji alituambia kwamba mgonjwa akishalalia godoro hilo hakuna tena haja ya kumgeuza, na maneno hayo ni ya hatari. Kwenye godoro la kawaida, mazoea ya wauguzi ni kumgeuza mgonjwa takriban kila baada ya saa mbili; godoro la hewa linaweza kuruhusu muda huo urefushwe, lakini haliufuti, na anayepaswa kuupanga ni mhudumu wa afya aliyeiona ngozi ya mgonjwa. Kwetu, muuguzi alipojiridhisha kwamba ngozi imetulia, aliruhusu muda wa usiku uongezwe, na wifi akaanza kupata usingizi wa saa tatu mfululizo, kitu alichokuwa amekisahau. Aliyewahi kuuguza mzee wa kitandani anajua thamani ya saa hizo. Kabla ya hapo alikuwa anasinzia akimlisha baba uji, mgongo unamuuma, na maneno yake kwa watoto yamekuwa makali, ingawa si tabia yake. Hospitalini wauguzi hupokezana zamu; nyumbani anayeuguza ni yuleyule alfajiri na usiku wa manane, na kwangu mimi usingizi wake ndio faida kubwa kuliko zote tulizopata katika ununuzi huu.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni umeme. Unapokatika, hewa hupungua polepole, na ikiisha mgonjwa anabaki amelalia plastiki tu. Ndiyo sababu godoro la sponji la chini lisiondolewe kamwe, na umeme ukikawia kurudi mgonjwa arudishwe kwenye ratiba ya zamani ya kugeuzwa. Ya pili ni joto. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, jua la Dodoma linapokuwa kali kabla ya mvua, plastiki ilimtoa baba jasho jingi mgongoni, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Tulilazimika kubadili shuka mara kwa mara, tukitandika moja tu la pamba bila kulikaza, kwa kuwa mablanketi na mpira vikirundikwa juu ya godoro huizuia hewa isifanye kazi yake. Vumbi la kiangazi nalo huingia kwenye pampu, hivyo ifutwe kila mara na isiwekwe sakafuni.

Pampu ina kitufe cha kuongeza na kupunguza hewa kulingana na uzito wa mgonjwa, nacho kinahitaji uangalifu ambao karatasi ya maelekezo haikuueleza. Pitisha kiganja chini ya tandiko, mahali kiuno kinapolala: ukiugusa mfupa wake, hewa ni kidogo mno. Visigino godoro haliviokoi vya kutosha. Tunaweka mto chini ya mashavu ya miguu ili vining'inie bila kugusa kitu. Na kwa kuwa katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, wifi amefundishwa kutafuta mahali palipozidi weusi, palipo na joto au pagumu kuliko pembeni yake, na akipaona asipasugue, kwa maana kupasugua huzidisha madhara.

Bei haikutofautiana sana na ya godoro zuri la sponji la futi nne kwa sita, na kwa mzee asiyeweza kujigeuza kabisa ningelinunua tena bila kusita. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aliwashe palepale dukani na usubiri mpaka safu zibadilishane, umuulize kuhusu viraka vya kuzibia matundu na mirija ya akiba, kisha usikilize mlio wa pampu, kwa sababu itaunguruma usiku kucha kando ya mtu anayejaribu kulala. Lakini kama mzee wako bado anaweza kujigeuza, hata kwa kushika ukingo wa kitanda, fedha hiyo ningeitumia kumlipa msaidizi wa kuja siku mbili au tatu kwa wiki, ili anayeuguza aende kanisani au msikitini, afike sokoni Majengo, amtembelee ndugu yake, na arudi akiwa na nguvu.