Uzoefu wangu: kabati la TV la mtindo wa zamani kutoka karakana ya Tabora

Kazi niliyoagiza ni kabati la mninga linalofanana na televisheni za mezani za miaka ya 1950, ndani yake ikikaa TV bapa ya inchi 24. Lilitengenezwa kwenye karakana moja Tabora mjini, sasa liko Mwanga, Kigoma, na linatumika kila siku. Useremala wao ni wa daraja la juu kabisa. Mambo ya televisheni ndiyo hawayajui, kwa hiyo vipimo vya uso na mgongo wa kabati wapelekee kwenye karatasi, usiwaachie wakadirie.

Peleka na picha. Bara tulianza kupata televisheni mwaka 1994 (Zanzibar walitutangulia, 1973), hivyo fundi ukimwambia "TV ya zamani" anakumbuka TV ya chogo ya plastiki. Mfano mzuri wa kuiga kwa mbao ni RCA 630-TS ya Marekani ya mwaka 1946, sanduku la mbao lenye kioo cha inchi 10. Bush TV22 ya Uingereza inapendwa na wengi, ila sanduku lake ni bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, iliyotolewa kwenye kalibu. Kulichonga kwa mninga utamaliza mbao na bado halitafanana.

Vipimo vya nje ni upana milimita 620, kimo 500 bila miguu, kina 320. Mbao zilizotumika ni tatu za inchi 1 kwa 6, futi 12, zikapigwa randa hadi milimita 18, na miguu ikakerezwa kutoka vipande vya inchi 2 kwa 2. Kina kisipungue hapo. TV bapa inaingia hata kwenye milimita 120, lakini sanduku jembamba linaonekana fremu ya picha, haliwi televisheni. Mbao zichague mwenyewe, ukatae zenye ule weupe wa pembeni, maana ndio unaoliwa na wadudu, na udai risiti ya TFS, wakala wa serikali wa misitu.

Pembe za juu ndizo zilizonifurahisha. Ubao uleule umetoka ubavu wa kushoto, ukapita juu, ukashuka kulia. Viungo vimekatwa nyuzi 45, ndani kuna kipande cha pembetatu cha kushikilia, na nje pembe imeviringwa kwa tupa na msasa. Mistari ya mninga inafika kwenye kona na kuendelea upande wa pili, na kiungo unakitafuta kwa kidole. Mwenye bajeti ndogo wanamfanyia kwa plaiwudi ya milimita 18 iliyokunjwa: kwa kona yenye nusu kipenyo cha milimita 60, upande wa ndani unachanjwa mara 8 kwa msumeno wa milimita 3, kina 15, nafasi ya kama milimita 12 kati ya mchanjo na mchanjo. Ikichanjwa michache zaidi kona inavunjika badala ya kukunjika.

Sasa tundu la kioo. Hapa ndipo makabati mengi ya namna hii yanapoharibika. Kioo cha zamani kilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, TV za sasa ni 16 kwa 9. Inchi 24 ina picha ya milimita 531 kwa 299. Ukitaka umbo la zamani lazima ufunike milimita 66 kila upande. Sura inapendeza sana, lakini ukiwasha mpira, ubao wa matokeo ulioko kona ya juu kushoto unafichwa wote au nusu. Ukibadili menyu iwe 4:3 picha inaingia yote, ila wachezaji wanakuwa wembamba na mpira unakuwa yai. Karakana ilipendekeza 4 kwa 3 kwa sababu ya picha niliyowapa. Mimi nilisimamia tundu la 520 kwa 290, kona zikiviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 30 na kila ubavu ukibinuka kidogo kwa nje. Mviringo wa kona ndio unaodanganya jicho, upana si sana. Anayeangalia filamu za zamani tupu achukue 4 kwa 3.

Fremu ya tundu isikae mbali na kioo. Nafasi ikiwa milimita 20, aliyekaa pembeni kwa nyuzi 45 anapoteza milimita 20 za picha. Iwe 5 au chini, na katikati kuwe na utepe wa sponji, kwa sababu mbao ikikandamiza kioo inaacha doa au inakipasua. Uzito wote ubebwe na upau wa nyuma kwa skrubu za M4 (unene wa milimita 4) kwenye matundu manne ya mgongoni mwa TV.

Mgongo waliuleta umezibwa kabisa, kasoro kubwa kuliko zote. TV za zamani zilikuwa na ubao wa nyuma wenye matundu kwa sababu ya joto, na hii pia inapumua kwa nyuma. Nilidai hadibodi ya milimita 3 yenye safu mbili za matundu ya milimita 20, moja chini kabisa, nyingine juu kabisa. Walirekebisha bila kulalamika. Jicho la rimoti nalo lilikuwa limefunikwa. Tundu la milimita 10 nyuma ya kitambaa cha spika linatosha, mradi kitambaa kiwe chepesi: kiweke mdomoni upulize, hewa ipite. Kikiwa kizito, sauti nayo inakuwa ya ndani ya debe.

Kwa atakayesafirisha kuja Kigoma: kiangazi cha Tabora ni kikavu, huku ziwani mbao inavuta unyevu na kutanuka. Vipande vinavyoshika miguu vinakatiza nyuzi za ubao wa chini, kwa hiyo visigundishwe. Vifungwe kwa skrubu kwenye matundu marefu, ubao ucheze. Milimita 2 tu zikizuiwa zinapasua. Vanishi isipigwe siku ya mvua, inatoa ukungu mweupe. Langu limepigwa msasa namba 120, 180 na 240, sila (rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao), kisha vanishi nyembamba mikono mitatu, na hadi leo halina ukungu.

Bei siandiki kwa kuwa mninga hupanda na kushuka. Omba wakutenganishie mbao, ufundi na rangi, na miguu ifunguliwe kabla kabati halijapanda treni.