Soli za ndani za buti kwa mbeba mizigo: uzoefu wangu mashambani Pemba

Wauza soli wa soko la Darajani, kule Unguja, wana mtindo mmoja wa kuuza. Anaichukua soli, anaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kinazama, kisha anakupa na wewe ubonyeze. "Ona kaka, godoro hilo!" Na kweli ni laini. Lakini kidole gumba hakijabeba polo la karafuu mbichi.

Mie msimu wa karafuu kazi yangu ni kuteremsha mizigo kutoka shambani hadi barabarani inapofika gari. Huku kwetu upande wa Mtambile ni vilima na mabonde, hupandi kidogo ila utashuka. Karafuu mbichi nayo ina maji mengi. Kilo tatu hivi ndizo zinazotoa kilo moja kavu, kwa hiyo anayebeba kabla ya kuanikwa anabeba maji ya watu kuliko karafuu. Wenzangu wengi hubeba kwa kichwa, na kata. Mie polo langu nimelishonea mikanda nikabeba mgongoni, nipate mikono ya kushika miti penye utelezi. Miguuni nina buti za kazi, zile za ngozi za mafundi ujenzi, maana ule udongo mwekundu ukishanyeshewa, kandambili zinabaki nyuma wewe umeshafika bondeni.

Maumivu yangu yalikuwa katikati ya unyayo, kwenye uvungu, upande wa ndani. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole, na huo ni miongoni mwa vinavyoushikilia upinde wa mguu. Ukijitwika mzigo upinde unashuka, mguu unarefuka na kupanuka kidogo, utando unavutwa. Hatua moja si kitu, ila kutwa nzima ya mlima na bonde inauchosha. Usiku ukilala unakaza, ndiyo maana hatua za alfajiri, za kutoka kitandani kwenda kutia udhu, zinauma kuliko hata za jioni na mzigo.

Nilianza na za sponji, kwa sababu ni rahisi na ziko kila duka la viatu Chake na Wete. Siku za mwanzo raha tupu. Baada ya hapo zikalala. Ukizitoa ndani ya buti unaona kisigino na vidole vimechora shimo, na kile kijinundu cha katikati kilichokuwa kimetuna dukani kimekuwa bapa kabisa. Kwa mtu anayesimama dukani au anayetembea mjini hana mzigo, sina neno nazo. Kwa mzigo ni hasara, hata kwa bei ile.

Za jeli ni hadithi nyingine. Kisigino kilizipenda, hasa kwenye kushuka, maana zinapokea kishindo vizuri. Lakini uvungu ulibaki kuuma vilevile, kwa kuwa jeli inasukumwa pembeni ukiikandamiza na hakuna kinachoushikilia upinde. Tena ni nzito, na kwa joto letu hili mguu unatota ndani ya buti mpaka soksi inateleza. Jeli nimempa mjomba wangu, anasimama kutwa nzima kwenye meza ya samaki, na yeye anazisifu mpaka leo.

Zilizonifaa ni za aina ya tatu: chini zina ganda gumu la plastiki linaloanzia kisigino hadi katikati ya mguu, juu yake sponji nyembamba, na nyuma zimechimbika kama kikombe ili kisigino kitulie mahali pake. Kwa nje hazivutii. Ukizibonyeza kwa kidole gumba muuzaji mwenyewe anaona haya. Mie sasa nazipima hivi: naiweka soli juu ya meza, naukandamiza upinde wake kwa kiganja na kuuegemea kwa uzito wa mwili. Ikigusa meza, nairudisha. Halafu naishika mbele na nyuma naikunja. Inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjika, ikikunjika katikati hiyo haibebi mtu na mzigo wake.

Ugumu peke yake hautoshi, lazima tuta la soli, yaani ule mwinuko wake wa katikati, likae chini ya upinde wako wewe. Hapa ndipo namba ya kiatu inapodanganya watu. Namba inakwambia urefu wa mguu mzima, na soli inakutaka ujue urefu wa kutoka kisigino hadi kwenye fundo la kidole gumba cha mguu, pale kinapoanzia. Watu wawili wote wa namba 42 wanaweza kupishana hapo, mmoja ana vidole virefu, mwengine vifupi. Tuta likija mbele sana linachoma nyuma ya fundo. Likirudi nyuma sana linasukuma kisigino. Simama juu ya soli ikiwa nje ya buti, uinue kisigino kidogo uone fundo linapokunjikia. Ikibidi kukata, ichore kwa kufuata soli ya zamani na ukate mbele tu, kwenye vidole. Nyuma usiguse.

Kuujua upinde wako hakuna gharama. Ukimaliza kutia udhu, kanyaga saruji kavu ya barazani kwa mguu mmoja, uzito wote juu yake, utazame alama. Alama yenye shingo nyembamba katikati ni ya upinde wa juu, iliyojaa kote ni ya mguu bapa. Kisha lowesha tena mguu, jitwike mzigo wako wa kawaida, kanyaga pembeni yake. Yangu ya kwanza ina shingo ya upana wa vidole viwili. Ya pili shingo imenenepa mara mbili yake. Hiyo tofauti ndiyo kazi unayokwenda kuipa soli, na ndiyo sababu nasema kuzijaribu dukani mikono mitupu hakuna maana. Mie nakwenda alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za kutwa, na buti zangu na soksi ninazovaa kazini, na begi la mgongoni nimelitia vitu vizito. Watu wa daladala wanaweza kunishangaa, si neno.

Kasoro zipo. Ya kwanza, ni ngumu kweli. Siku za mwanzo nilizivaa saa moja au mbili tu nikiwa mtaani, bila mzigo, nikaongeza aste aste. Ya pili, zinakuinua. Lazima soli ya kiwandani uitoe kwanza, ukiweka juu yake mguu hauna nafasi, vidole vinagonga mbele kwenye kushuka na kucha zinageuka nyeusi. Hata ukiitoa, kwenye buti fupi kisigino kinaweza kuchomoka, kwa hiyo kamba zipitishe mpaka tundu la juu kabisa. Ya tatu, zikishalowa zinalia kwikwi kila hatua. Poda ya mtoto ukiinyunyiza chini ya soli inanyamazisha.

Na usizianike juani. Najua jamvi la karafuu liko hapohapo uani na jua limewaka, lakini plastiki na sponji zikipata moto mkali zinapinda, na zikishapinda tuta linahama. Zitoe kila jioni, ziweke kivulini penye upepo. (Zitanuka karafuu hata hivyo. Hilo mke wangu halilalamikii.)

Kwa asiye na uwezo wa kununua, kuna njia ya fundi viatu. Mzee mmoja wa Chake alinikatia kipande cha raba ya tairi, akakichonga ubavuni na kukigandisha chini ya soli ya zamani, pale penye upinde. "Mwanangu," akaniambia, "nakuwekea kidogo kwanza. Nikikujazia leo, kesho utakuja kunitukana." Kilinisaidia sana, ila gundi haistahimili unyevu wa msimu, kila baada ya muda nilirudi kwake.

Wengine husema soli nzuri ni ya kutengenezewa kwa kupimwa mguu wako. Kuna utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2006, wa watu 135 wenye maumivu ya utando huo, uliolinganisha za kutengenezewa, za dukani na za bandia, yaani zilizowekwa kwa kulinganishia tu. Baada ya miezi 3 za dukani na za kutengenezewa zilisaidia kidogo shughuli za mguu, na baada ya mwaka hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa mfuko wangu, hiyo inatosha kubaki na za dukani. Mwenye sukari au anayehisi ganzi miguuni asinifuate mie, aende kituo cha afya kwanza, maana soli ngumu inaweza kumtoa kidonda asikisikie.

Kwenye mitumba utakuta buti za nje zina soli za kampuni ya Superfeet ndani, zile za kijani. Ganda lake zuri, lakini limeshakanyagwa na mguu wa mtu mwengine, na kampuni yenyewe inashauri kubadilisha baada ya miezi 12 au maili 500, sawa na kilomita 800 hivi. Nunua buti, soli zitupe.

Zangu kitambaa kimeanza kuchunika kisiginoni, ganda bado zima. Nitanunua nyingine za aina ileile kabla uchumaji haujaanza, kwa sababu msimu ukiingia wachukuzi wote wanakumbuka miguu siku moja, na namba 42 na 43 ndizo zinazomalizika mwanzo.