Kununua kebo Lubumbashi: kwangua kwanza, lipa baadaye

Jimbo letu, Katanga ya zamani, liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na mpaka leo malori yaliyojaa shaba yanateremka kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa mpaka uleule yanarudi maboksi ya kebo ambazo shaba yake ni ngozi tu, nyama ya ndani ni alumini. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wanaoumia ni watu waliodunduliza pesa kidogo kidogo ili wafungue cyber au waweke kamera dukani. Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao hapa mjini. Kebo nimezipanga kwa uzito wa hasara: naanza na ile ambayo ukikosea utalia, namaliza na ile ambayo hata ya bei ya chini kabisa inatosha.

Ya kwanza: kebo ya mtandao

Hapa usibane mkono. Kebo ya mtandao ikishapita ndani ya ukuta au juu ya dari, kuitoa ni kubomoa. Ndani yake mna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili. Madukani utakuta madaraja matatu: Cat5e, Cat6 na Cat6A. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat6 nayo hivyo hivyo, ila kwa umbali usiozidi mita 55 hivi inaweza kufika gigabiti 10. Cat6A inafikisha hizo gigabiti 10 mita zote 100, lakini ni nene na ngumu kukunja, na sijawahi kuingia nyumba ya Katuba wala Bel-Air inayoihitaji.

Mpangilio wangu basi: Cat6 ya shaba tupu juu, Cat5e ya shaba tupu chini yake kidogo, na hapo naishia. Cat6 ya alumini iliyopakwa shaba, ile inayoandikwa CCA, siiweki hata nafasi ya tatu kwa kazi ya kudumu. Muuzaji atakwambia, "Yaya, hii njo ya muzuri, ni Cat6, inashinda ile Cat5." Msikilize kwa heshima, kisha uulize ndani kuna nini.

Nilijifunza kwa pesa yangu. Nilifunga kamera nne kwenye depo ya unga, kwa boksi la mita 305 lililoandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Mchana kutwa picha zilikuwa safi. Giza lilipoingia, kamera ya mbali, iliyokuwa kama mita 80 kutoka kwenye swichi (kile kisanduku kinachounganisha kebo zote za mtandao), ikazima, ikawaka, ikazima tena. Mwenye depo akanipigia usiku: "Fundi, kamera yako inakonyeza." Nilibadilisha kamera. Nikabadilisha swichi. Nikakata vichwa vyote nikabana vipya. Siku ya tatu nikachukua kipande kilichobaki, nikamenya waya mmoja, nikaukwangua kwa wembe. Wekundu ukatoka kama rangi ya kucha, chini yake pakawa peupe.

Sababu yenyewe ni hii. Kamera za namna ile zinapata umeme kwa kebo ileile inayobeba picha. Usiku taa zake za kuonea gizani zinawaka, zinadai umeme zaidi. Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 60 hivi tu ya shaba, na katika mita 80 umeme unaofika unapungua mpaka kamera inashindwa kusimama. Nilivuta kebo nyingine kwa gharama yangu. Aliyeniuzia alinijibu kwamba boksi likishafunguliwa halirudishwi.

Tangu siku hiyo silipi kabla ya kupima. Omba wafungue boksi, menya waya mmoja, ukwangue kwa wembe au ncha ya kisu: shaba ni nyekundu mpaka katikati. Ukiukunjakunja mahali pamoja, wa alumini unakatika mapema. Beba boksi mkononi pia. Alumini ni nyepesi mara tatu kuliko shaba, kwa hiyo boksi la CCA linanyanyuka kirahisi mno. Na kama una multimeta, kile kipimo cha umeme, pima ukinzani wa waya mmoja toka mwanzo hadi mwisho wa boksi: wa shaba halali hauzidi omu 9.4 kwa kila mita 100, yaani kama omu 29 kwa mita 305. Ukisoma 40, funga boksi uage. Muuzaji anayekataa usikwangue ameshakujibu.

Kwa kebo ya nje tafuta yenye ganda jeusi lililotengenezwa kustahimili jua. Ganda la kijivu la kebo ya ndani ya nyumba linapasuka baada ya kiangazi chetu. Na usiunganishe nyumba mbili kwa kebo ya shaba inayopita hewani. Mvua za Novemba hadi Machi zinakuja na radi, na radi inaupenda waya huo. Kazi hiyo iachie kebo ya nyuzi za kioo, ambayo haipitishi umeme.

Ya pili: USB-C

Hii, kebo ya kuchajia simu na laptopu, ndiyo inayonunuliwa kila wiki barabarani, na ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi. Umeme ukirudi kwa saa mbili tu, kebo nyembamba inakunyima nusu ya chaji. Kwenye ganda au boksi huandikwa namba za unene kama 28AWG au 24AWG: namba ikishuka, waya unanenepa. Kwa chaji tafuta 24 au chini yake.

Ukiwa na laptopu, jua jambo moja. Kebo ya kawaida ya USB-C inabeba ampea 3, yaani mwisho wati 60. Zaidi ya hapo inahitaji kebo ya ampea 5 yenye chipu ndogo ndani ya kichwa, nazo huandikwa 100W au 240W. Laptopu ya wati 65 ukiipa kebo ya kawaida itachaji polepole, na utamlaumu fundi wa laptopu bure. Lakini wati nyingi si kasi ya kuhamisha mafaili. Kebo nyingi nene za chaji zina kasi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, kipimo cha mwaka 2000. Kwa diski ya nje omba iliyoandikwa 5Gbps au 10Gbps.

Nyingine hazina nyaya za data kabisa, ni za chaji tupu. Namna ya kuzigundua: chomeka simu kwenye kompyuta ya muuzaji palepale. Simu ikichaji na kompyuta isiione, rudisha. Kwa ununuzi wa mtu mmoja, nafasi ya juu naipa kebo moja ya wati 100, mita 1. Mita 2 ni raha kitandani, lakini umeme unapungua njiani.

Ya tatu: HDMI

Kwenye hii kebo ya kupeleka picha kwenye televisheni ndipo watu wanapotupa pesa. Kichwa cha dhahabu hakiongezi uzuri wa picha. Kinazuia kutu tu. Ishara ya HDMI ni ya namba (dijitali): ikifika salama, picha ni ileile kwa kebo ya bei ndogo na ya bei kubwa. Ikifika vibaya utaona vidoti vinavyometameta, au skrini inakuwa nyeusi sekunde moja na kurudi.

Kwa dekoda na televisheni ya 1080p, kebo yoyote nzima ya mita 2 inatosha. Kwa 4K, yaani picha kali zaidi, ya picha 60 kwa sekunde tafuta iliyoandikwa 18Gbps. Ile ya 48Gbps ni ya michezo ya video ya kisasa na skrini za 8K. Mwenye nayo anajijua. Angalia urefu kuliko jina: zaidi ya mita 5, kebo ya kawaida inaanza kusumbua kwenye 4K, na kwa projekta ya ukumbini au kanisani utahitaji HDMI ya nyuzi za kioo. Hiyo ina upande wa chanzo na upande wa skrini. Ukiigeuza haionyeshi kitu, nami nimeshaona watu wakiirudisha dukani nzima.

Ya nne: kebo ya dishi

Soma jina kwenye ganda: chukua RG6, acha RG59. RG6 ni nene na inapoteza ishara kidogo tu njiani, wakati RG59 inaichosha mapema. Pitisha sumaku karibu na waya wa katikati. Ikinata, ni chuma kilichopakwa shaba, na hapa si kosa kubwa, kwa sababu ishara ya dishi inakimbia juu ya ngozi ya waya. Kwa umbali mrefu, kama mita 30 na zaidi, lipia shaba tupu, maana dekoda inapeleka pia volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi, na huo umeme unataka waya mzima. Kichwa cha nje kifunge kwa mpira mweusi kabla ya mvua ya kwanza. Maji yakiingia, yanatembea ndani ya kebo mpaka sebuleni.

Mwisho: VGA na zile za rangi tatu

VGA, kebo ya zamani ya skrini za kompyuta, ni ya 1987, na shule nyingi bado zina skrini zake. Zile za njano, nyeupe na nyekundu bado zinaunganisha dekoda kuukuu na televisheni. Nunua ya bei ya chini kabisa, hata iliyotumika, mradi pini zote za VGA zimenyooka. Zihesabu mbele ya muuzaji: ni 15, au 14, kwa kuwa pini moja ya safu ya kati mara nyingi huachwa tangu kiwandani.