CARTA kwa laptopu ya kawaida hapa Kisumu, nimeitumia kutazama nyota changa za Orioni

Kama unasoma fizikia huku kwetu, uwe Maseno ama hapa mjini, na unataka kuangalia data ya darubini za redio bila kulipa chochote, CARTA ndio programu ningekuambia uanze nayo. Ni ya bure, wameitengeneza watu wa Taiwan, Afrika Kusini, Marekani na Kanada wakishirikiana, na unaitumia kwa brauza tu.

Mimi naitumia hasa kwa nyota changa zenye huzaliwa zikiwa kundi, pale pia nyota kubwa huzaliwa. Nebula ya Orioni ndio ya kuanzia, iko umbali wa miaka ya nuru kama 1,300, na sisi tukiwa ikweta jioni za Januari inapita karibu juu ya utosi, kwa macho unaona ukungu mdogo tu. Nyingi ya hizo nyota zimefichwa na vumbi, mwanga wa kawaida haupiti lakini mawimbi ya redio yanapita. Halafu zimebanana sana, sasa ili uzitenganishe lazima uwe na antena nyingi zilizosambazwa mbali mbali. VLA, darubini ya redio kule New Mexico, Marekani, iko na antena 27 na zikitandazwa kabisa zinafika km 36, na baada ya kuboreshwa ili inase mawimbi hafifu zaidi, mwanaastronomia Jan Forbrich na wenzake waliweza kuandika vyanzo 556 vya mawimbi ya redio mwaka 2016, wakati kazi ya 2004 ilikuwa na 77. Hiyo tofauti kwangu ni kubwa ajabu, ni mahali palepale, anga ileile!

Sasa hapo ndio CARTA imenipendeza kabisa. Hiyo katalogi, yaani orodha ya vyanzo vya Forbrich, naivuta kutoka VizieR, hifadhi ya katalogi za anga mtandaoni, nikiwa ndani ya programu yenyewe, naiweka juu ya picha, alafu naongeza ile ya eksirei ya darubini ya angani ya Chandra ya 2005 yenye vyanzo 1,616, kila moja na rangi yake, na unaona saa hiyo hiyo zipi ziko kwa zote mbili na zipi ni za redio peke yake. Ukibonyeza alama moja kwa picha, mstari wake kwa jedwali unachaguliwa pia. Forbrich alipima masafa mawili pamoja, gigahezi 4.7 na 7.3, na hilo ni muhimu juu kama mwangaza haubadiliki sana kutoka masafa moja hadi ingine mara nyingi unaangalia gesi ya moto, mfano zile diski za gesi na vumbi kuzunguka nyota changa zinazochomwa na mionzi ya nyota kubwa Theta 1 Orionis C, lakini mwangaza ukishuka kwa nguvu masafa yakipanda na chanzo kinawaka na kufifia kwa muda mfupi, hapo unashuku elektroni zinazozunguka kwa sumaku ya nyota yenyewe. Nusu ya raha ya hii kazi ni kuchora grafu ya safuwima mbili za jedwali, moja dhidi ya nyingine, na kuona makundi yakijitenga.

Kwa upande wa bando, haisomi picha yote mara moja, inaleta vipande vya kutosha skrini yako tu. Ukiwa na akaunti kwa seva ya mbali, faili la magigabaiti linabaki huko huko na wewe unapokea tu kile unaangalia. Stima ikipotea nyumbani, data iko salama kwa seva.

Ukiwa na Windows itabidi upitie WSL kwanza, yaani njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, na hiyo hatua inataka subira ama rafiki anayejua Linux. Pia usiitarajie ikutengenezee picha kutoka data mbichi ya antena, hiyo ni kazi ya CASA, programu nyingine ya kuchakata data za redio. Maelezo ningependa sana kuyaona kwa Kiswahili, wanafunzi wetu wa sekondari wangefika mbali. Mimi naipa nne kwa tano, na kwa kuwekelea katalogi juu ya picha naipa tano bila kufikiria.