Seti ya kuripoti JKT: fulana na shuka chukua, raba iache mezani

Kila majina ya wahitimu wa kidato cha sita wanaokwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria yanapotoka, Kariakoo na masoko ya mikoani huchangamka kwa seti: mfuko mmoja wenye bukta, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi na treksuti. Unalipa mara moja, unaondoka. Mzazi mwenye haraka anashukuru Mungu. Tumeupitia mfuko huo kipande kwa kipande, tukiupima kwa orodha ambayo JKT imekuwa ikiitoa miaka ya karibuni, na pia kwa kazi yenyewe inayomsubiri kijana kule. Fulana na shuka hazina neno. Bukta inahitaji jicho. Raba usiichukue kwenye seti hata ukipunguziwa bei.

Tuanze na hiyo raba, maana ndiyo inayowaangusha kuruta wengi kabla hata hawajajifunza mguu pande, mguu sawa. Orodha inataka raba za michezo za kijani au bluu, haisemi zaidi. Ya kwenye seti kwa kawaida ni ya turubai, soli nyembamba ya mpira iliyobandikwa kwa gundi. Turubai lenyewe halina ubaya: linapitisha hewa na linakauka upesi. Shida iko pale vidole vinapokunjika. Mchakamchaka wa alfajiri hukunja raba mahali palepale maelfu ya mara, umande unapenya, gundi inalegea, na soli inaanza kufungua mdomo upande wa dole gumba. Ukifika hapo uko kambini, fundi wa viatu hayuko.

Ipime hivi ungali dukani. Ishike mbele na nyuma, uikunje. Raba nzuri hukunjika vidoleni. Inayokunjika katikati ya unyayo kama chapati haitegemezi chochote, na nyayo zitauma. Pitisha ukucha kwenye ukingo ambapo soli inakutana na turubai: ukizama, rudisha. Tafuta uzi uliozunguka soli, kwa sababu iliyoshonwa hata gundi ikichoka bado inashika. Tundu za kamba ziwe na pete za chuma, la sivyo zitachanika kwa kukazwa kila siku. Kamba bapa za pamba ni bora kuliko zile za nailoni za duara, ambazo hufunguka zenyewe mtu akiwa katikati ya mbio.

Saizi pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, soksi ukiwa umevaa, tena ukiwa umesimama. Kati ya dole refu kuliko yote na ncha ya raba kubaki upana wa kidole gumba. Ukikosa saizi yako kamili, chukua kubwa kidogo uongeze soli ya ndani. Inayobana haitanuki kiasi hicho, muuzaji aseme asemavyo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutonunua raba ndani ya seti: mara nyingi mtu anaulizwa namba tu, anafungiwa mfuko, na raba inajaribiwa nyumbani.

Na isinunuliwe Ijumaa kwa kuripoti Jumatatu. Raba mpya inahitaji wiki mbili za kulainika, na mwili wenyewe unahitaji kama wiki sita. Aliyetoka kukaa darasani miaka miwili aanze kwa kutembea haraka nusu saa akiwa na raba hiyohiyo. Baada ya hapo akimbie dakika 1, atembee 2, arudie mara 8, siku tatu kwa wiki na siku ya mapumziko katikati. Kila wiki aongeze muda wa kukimbia na kupunguza wa kutembea, mpaka wiki ya sita aweze dakika 25 hadi 30 mfululizo kwa mwendo ambao bado anaweza kuimba. Hilo la kuimba si mzaha. Mchakamchaka unaitikiwa, na anayekimbia hadi kukauka pumzi hataweza kuitikia. Afande atamsikia kwa ukimya wake.

Wanaokosea hapa hukosea kwa namna moja: wiki ya kwanza wanaona mwili unakubali, ya pili wanazidisha mara mbili. Mapafu yanazoea haraka kuliko mifupa. Matokeo yake ni maumivu ya ugoko, mbele ya mguu chini ya goti. Yakija, acha mbio siku kadhaa, hamia njia ya udongo badala ya lami, kisha rudi kwa kiwango cha wiki iliyopita. Ila maumivu yakiwa ya nukta moja, ukibonyeza unaruka, na hayatulii hata ukiwa umelala, hiyo huenda ni ufa wa mfupa. Nenda hospitali, na usiende kambini ukiwa umeuficha.

Pushapu anza kwa kuegemea meza au kitanda kama za chini hazikubali, mwili ukiwa umenyooka kuanzia kisigino hadi kisogo. Kumi safi zinazidi thelathini za kuchezesha kiuno. Kwata, yaani mwendo wa gwaride, utafundishwa, ila kuna mambo mawili unaweza kwenda nayo. Kwanza, mguu wa kushoto ndio unaoanza, na mkono wa kulia ndio unaokwenda nao. Wanaokakamaa kwa hofu hupeleka mkono na mguu wa upande mmoja, na hawajioni mpaka waambiwe. Pili, kusimama. Anayeanguka kwenye gwaride mara nyingi si mgonjwa: amekaza magoti, hajanywa maji, damu imetuama miguuni na ubongo umepungukiwa. Legeza magoti kidogo kiasi kisichoonekana, chezesha vidole ndani ya raba, kaza na kulegeza misuli ya mashavu ya miguu. Jizoeze dakika 10, halafu 20. Ukiona giza linakuja, piga goti kabla hujaanguka kifudifudi.

Soksi za orodha ni ndefu nyeusi, na seti hutia pea moja au mbili. Hazitoshi. Malengelenge huletwa na unyevu na msuguano, na soksi iliyolala mbichi huleta vyote viwili. Nenda na pea nne au tano, zilizochanganywa pamba na nailoni. Pamba tupu hunywa jasho ikabaki nalo. Geuza ndani nje, papasa mshono wa vidoleni: ukiwa nundu, utakuchubua. Ukihisi joto la moto kisigino, hapo lengelenge halijatoka bado, bandika plasta nyororo mapema. Likishatoka usilitumbue kwa pini ya begi.

Bukta: bluu iliyokoza, mpira kiunoni, haina zipu, mfuko mmoja nyuma, urefu wa magotini. Wauzaji wengine wanatoa ya mpira wa miguu yenye mistari pembeni, fupi juu ya goti, wakidai "zote zinakubaliwa". Achana nayo. Mpira wa kiunoni uwe umeshonewa kwenye kitambaa mistari miwili au mitatu. Ule unaocheza ndani hujikunja baada ya kufuliwa mara chache na kugeuka kamba. Chuchumaa ukiwa umeivaa. Mshono wa katikati ya miguu ukilia, tafuta nyingine au mpe fundi cherehani aupitishe mara ya pili, kazi ya dakika tano. Loweka kitambaa cheupe, sugua juu yake: rangi ikitoka nyingi, hiyo bukta itazipaka shuka zako bluu. Mapaja yanayosuguana yapakwe mafuta ya mgando kabla ya mbio, si baada.

Fulana ya kijani tupu, isiyo na maandishi wala nembo, ndiyo salama. Ya pamba hurudi baada ya kufuliwa, kwa hiyo ifue nyumbani kabla ya kuamua kama inakutosha. Wasichana waongeze wenyewe yale ambayo seti haiyataji: sidiria ya michezo iliyobana vizuri angalau mbili, nguo za ndani za pamba, na taulo za kike za kutosha miezi, si za wiki.

Shuka ni mbili, bluu bahari. Hakikisha hupewi bluu iliyokoza, hiyo ni rangi ya bukta. Seti nyingine hutoa shuka kubwa za futi sita kwa sita, na mteja anafurahi kwamba amepewa kitambaa kingi. Kwenye kitanda chembamba cha deka kitambaa kingi ni mzigo: kinavimba chini ya godoro, kona haikai, na ukaguzi hauangalii wingi. Chukua za kitanda kidogo. Na hapa ndipo nidhamu inapojengeka bila hata kutoka nje ya chumba. Tandika kila siku kwa namna moja: ingiza upande wa miguuni chini ya godoro, inua pembe ya shuka ya ubavuni iwe pembetatu juu ya kitanda, ingiza kinachoning'inia, shusha pembetatu, ingiza. Nyoosha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Fanya hivyo ukiamka saa kumi na moja alfajiri, ukiwa bado na usingizi, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa kule. Kijana anayeamshwa na mama mara tatu hatasaidiwa na treksuti ya bei mbaya.

Treksuti yenyewe, ya kijani au bluu, inategemea umepangiwa wapi. Mafunzo haya kwa kawaida huangukia Juni hadi Agosti, majira ya baridi. Aliyepangiwa kambi ya Mafinga au Itaka, kwenye baridi, anahitaji yenye bitana, pamoja na sweta na kitu cha kichwani, na orodha yenyewe inataja nguo za kuzuia baridi kwa mikoa yenye baridi. Wa Ruvu, Maramba au Nachingwea atoshewe na nyepesi. Makutupora huwadanganya wengi: mchana jua la Dodoma, usiku upepo unaokata.

Kuna kitu seti zingine huongeza juu kama zawadi: suruali au kofia ya mabakamabaka ya kijeshi. Irudishe. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo, na sheria haijali kama ulivaa kwa mazoezi. Buti nazo hazimo kwenye orodha. Pesa yake iongezee kwenye raba.

Vivyo hivyo kwa "kozi za maandalizi" zinazotangazwa na watu wanaoahidi nafasi jeshini ukimaliza. Mazoezi ya mtaani na mwalimu mzuri ni sawa, lipia mazoezi. Nafasi hailipiwi. Wanaojiunga na JKT kwa kujitolea huomba kupitia ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa, na JKT haijaahidi ajira kwa yeyote, awe wa mujibu au wa kujitolea.

Nyaraka usizitupie chini ya begi pamoja na raba. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na zingine za udahili wa chuo ziwe kwenye bahasha ya plastiki, na nakala zibaki nyumbani. Nauli ni ya kwenda na kurudi. Ile ya kurudi itenge siku unapoondoka, usiitegemee kutumiwa. Na kabla hujalipia seti yoyote, soma wito wa mwaka wako wenyewe kutoka JKT, uulize pia duka kama linabadilisha saizi. Likikataa, nunua kitu kimoja kimoja.